Kabla ya Kupandisha Gari: Kusoma Theluji na Maji kwenye Njia za Milima ya San Juan

Mwezi Mei ukifika, hapa Denver na Aurora tunavua makoti. Watoto wanacheza mpira nje mpaka giza liingie, na sisi tuliokulia Goma, Bujumbura, Moshi na Mombasa tunaanza kuulizana: lini tunapeleka magari mlimani? Kwa mtu aliyekulia karibu na ikweta, swali hilo lina mtego. Kwetu masika yakikatika unaona kwa macho. Jua likiwaka siku tatu, tope linakauka na magari yanapita. Huku barabara imefungwa na theluji iliyoanguka Januari, na jua la Mei ambalo kwetu lingekuwa habari njema ndilo linaloanza kuifanya theluji hiyo iwe ya hatari.

Nitaeleza ninavyopima mimi kwa njia moja ninayoijua vizuri, Alpine Loop. Ni mzunguko wa kama maili 65, yaani kilomita 105, unaounganisha miji midogo ya Lake City, Silverton na Ouray kusini-magharibi mwa Colorado. Barabara zake nyingi zilianza na wachimba madini wa karne ya 19, waliozichonga ubavuni mwa milima ili mikokoteni ishushe fedha na dhahabu. Ndani ya mzunguko mna vipito viwili vya juu, yaani mahali barabara inapovuka mgongo wa mlima: Cinnamon Pass, mita 3,853, na Engineer Pass, mita 3,901. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ajue kwamba hapo gari lake litakuwa juu kuliko vibanda vya Horombo.

Kila mtu huuliza theluji ina kina gani. Mimi naona kina ndicho kinachosaidia kidogo kuliko vipimo vyote. Maswali yenye faida ni matatu: theluji ina maji kiasi gani ndani yake, usiku uliopita iliganda au haikuganda, na pale barabarani imelala kuelekea wapi. Mawili ya kwanza unayajibu ukiwa nyumbani na simu yako. La tatu linajibiwa na miguu.

Hatua ya 1: Waulize wenye barabara

Theluji ya Alpine Loop haiachwi iyeyuke yenyewe. Kaunti za Hinsdale (upande wa Lake City), San Juan (upande wa Silverton) na Ouray hupeleka mashine kuikata. Kwa kawaida Cinnamon Pass hufunguka mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, na Engineer Pass hufuata ndani ya Juni. Vipito jirani vilivyo nje ya mzunguko huchelewa zaidi: Imogene Pass, yenye mita 3,997, husubiri mwisho wa Juni au Julai. Black Bear Pass mara nyingi ni Julai. Lakini mwaka haufanani na mwaka. Machi 2019 maporomoko makubwa ya theluji yalishuka kwenye mabonde ya Lake City yakabeba misitu mizima. Rundo la theluji lililochanganyika na magogo na udongo ni gumu kama zege, na halikatwi kwa mashine ileile inayokata theluji safi. Mwaka kama huo kalenda haina maana.

Ukipiga simu ofisi ya barabara ya kaunti au kituo cha wageni, usiulize tu kama njia iko wazi. Uliza mashine imefika wapi, na ilianzia upande upi. Njia inaweza kuwa wazi toka Lake City mpaka kileleni, na upande wa pili ukuta wa theluji wa mita tatu bado umesimama. Utapanda vizuri, kisha utalazimika kugeuza gari mahali pasipo na nafasi ya kugeuza.

Kwa njia zilizo ndani ya misitu ya taifa, chukua ile ramani ya matumizi ya magari inayotolewa bure na Huduma ya Misitu ya Marekani. Haina rangi wala milima, lakini inaonyesha barabara ipi inaruhusiwa kwa gari la aina gani na tarehe zake. Geti likiwa limefungwa, limefungwa, hata ukiona alama za matairi ya mtu aliyelizunguka. Barabara laini ya Mei ikipitwa na gari zito inabaki na mifereji, maji yanaifuata mifereji hiyo kiangazi chote, na mwaka unaofuata kipande kile hakipo tena. Ndiyo sababu wanafunga. Wanailinda barabara uje kuipita Julai.

Hatua ya 2: Soma uzito wa theluji, si kina chake

Kuna mtandao wa vituo unaoitwa SNOTEL, wenye vituo zaidi ya 900 magharibi mwa Marekani, unaoendeshwa na idara ya uhifadhi wa maliasili iliyo chini ya Wizara ya Kilimo. Takwimu zake ni bure mtandaoni. Kituo chenyewe ni kitu rahisi kuelewa. Ardhini kumelazwa mfuko mpana uliojaa kimiminika kisichoganda. Theluji ikiuangukia, uzito unakisukuma kimiminika, na kihisi kinageuza msukumo huo kuwa inchi za maji. Maana yake: theluji yote iliyopo hapo ikiyeyuka sasa hivi, maji yatasimama inchi ngapi. Juu ya nguzo kuna kifaa kinachopima kina, na kipimajoto.

Kwa Alpine Loop natazama vituo vya Red Mountain Pass, Idarado na Mineral Creek kwa upande wa Silverton na Ouray, na Slumgullion kwa upande wa Lake City. Fungua mchoro wa kila kimoja uweke namba mbili kwenye karatasi, kina na maji.

Tuseme kina ni inchi 40 na maji ni inchi 18. Gawa 18 kwa 40, unapata asilimia 45. Theluji mpya ya katikati ya baridi huwa kama asilimia 10, ni manyoya tu. Ikifika asilimia 40 na kuendelea, theluji imeiva. Joto lake ni sifuri toka juu mpaka chini, haina tena akiba ya ubaridi, na kila joto linaloingia linageuka maji papo hapo. Theluji ya aina hiyo ndiyo inayojaza mito, na ndiyo inayokubeba asubuhi na kukumeza mchana.

Halafu tazama siku saba zilizopita. Kama kituo kinapoteza inchi moja ya maji kwa siku, kiasi cha kawaida kwenye joto la mwisho wa Mei, basi inchi 18 zitaisha kwa siku kama 18. Lakini zitaisha kituoni hapo tu. Hili watu wengi hulisahau. Vituo vimewekwa kwenye uwazi katikati ya miti, mahali tambarare pasipo na upepo mkali. Cha Red Mountain Pass kiko kama mita 500 chini ya Engineer Pass. Huko juu hakuna miti, upepo umesomba theluji ya upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili, mara nyingi juu ya barabara yenyewe. Kituo kikisoma sifuri, mimi huongeza wiki mbili mpaka tatu kabla ya kutarajia kipito kipitike bila mashine.

Kuna namba nyingine itakayokudanganya. Ramani nyingi huonyesha asilimia ya kiasi cha kawaida, wakilinganisha na miaka 1991 hadi 2020. Machi namba hiyo ina maana. Kuanzia katikati ya Mei inaharibika, kwa sababu kiasi cha kawaida chenyewe kinakaribia sifuri. Kituo ambacho kwa kawaida kingekuwa na nusu inchi tarehe hiyo, kikiwa na inchi mbili kitaandikwa asilimia 400, na mitandaoni watu watapiga kelele kwamba mlima umefunikwa. Inchi mbili za maji zinaisha kwa siku mbili. Soma inchi, achana na asilimia.

Na vumbi. Kila machipuko upepo huleta vumbi jekundu toka majangwa ya kusini-magharibi na kulitandaza juu ya theluji ya San Juan. Theluji safi hurudisha mwanga mwingi wa jua angani, ila theluji yenye vumbi huunywa. Watafiti wa kituo cha theluji na maporomoko cha Silverton wamekuwa wakilipima vumbi hilo kwa miaka mingi kwenye bonde la Senator Beck, karibu na Red Mountain Pass, na imethibitika kwamba linaweza kuondoa theluji wiki kadhaa mapema. Ukisikia mwaka una vumbi jingi, fupisha makadirio yako ya theluji na ongeza hofu yako ya mito. Maji yaleyale yatashuka kwa siku chache zaidi.

Hatua ya 3: Tazama mlima toka angani

Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya hupiga picha ya eneo lilelile kila baada ya siku chache, na kila nukta ya picha ni mita 10 hadi 20 za ardhi. Picha hizo ni bure kwenye Copernicus Browser. Tafuta Animas Forks, ule mji uliohamwa ulio juu ya Silverton, na barabara utaiona kama uzi.

Wingu na theluji vyote ni vyeupe, kwa hiyo badilisha mpangilio wa rangi uchague ule wa infraredi ya mawimbi mafupi. Theluji inakuwa ya buluu, wingu linabaki jeupe. Kisha ifuate barabara kwa kidole toka chini mpaka kipitoni, na kila inapokatwa na buluu weka alama kwenye ramani yako. Nukta za ukubwa huo hazikuonyeshi tuta dogo la theluji, na tuta dogo linatosha kukuzuia. Picha inakuambia pa kutarajia shida. Haikuambii kwamba shida haipo.

Linganisha pia na picha ya mwaka jana iliyopigwa siku chache kabla ya njia kufunguliwa. Kama mwaka huu buluu ni nyingi zaidi, una jibu lako.

Jambo moja linatupita sisi wa ikweta. Kwetu jua hupita juu ya utosi, na mteremko wa kaskazini na wa kusini hautofautiani sana. Huku jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Miteremko inayotazama kusini hukauka mapema, inayotazama kaskazini hushika theluji mpaka Julai. Barabara inayozunguka kilima inaweza kukupa vumbi kavu kwa nusu saa, ukikata kona moja unakutana na ukuta. Kwenye ramani yako, kila kona inayoingia kivuli cha kaskazini itilie shaka.

Hatua ya 4: Usiku uliopita ulikuwaje?

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kote. Theluji iliyoiva ikipata usiku wa kuganda inakuwa kama sakafu. Unaweza kupita juu yake na gari la tani mbili na nusu. Usiku ule usipoganda, theluji ileile ni uji.

Fungua utabiri wa Huduma ya Taifa ya Hali ya Hewa. Usitafute mji, gusa ramani mahali penyewe kipito kilipo, utapewa utabiri wa mwinuko ule. Ukiwa na joto la Silverton pekee (mita 2,840), punguza kama nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Toka Silverton mpaka Engineer Pass ni kama mita 1,060, yaani nyuzi 7 hivi. Hesabu hii ni ya mchana na ya usiku wenye upepo. Usiku mtulivu hewa baridi huteremka na kutuama bondeni, na Silverton inaweza kuwa baridi kuliko mteremko ulio juu yake, kwa hiyo usishangilie barafu iliyokutwa kwenye kioo cha gari mjini.

Mawingu yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Usiku wa nyota, theluji hupoteza joto lake kwenda angani na uso wake huganda hata kama hewa iko nyuzi moja au mbili juu ya sifuri. Usiku wa mawingu, wingu linafunika joto kama blanketi, na theluji haigandi hata hewa ikiwa sifuri kamili. Soma mstari wa mawingu kwanza, halafu joto.

Kanuni yangu ni hii. Usiku mmoja usioganda, naondoka mapema zaidi na nageuka mapema zaidi. Zikipita siku tatu mfululizo bila kuganda usiku, siendi kabisa, kwa sababu maji yameshapenya mpaka chini ya theluji, na miteremko iliyo juu ya barabara inaweza kuachia maporomoko ya theluji iliyolowa maji. Kituo cha Habari za Maporomoko cha Colorado, CAIC, hutoa taarifa zake bure. Isome hata kama huendi kuteleza kwa ski. Poromoko linalokatiza barabara halichagui aliyekaa ndani ya gari.

Hatua ya 5: Mto una saa zake

Idara ya Jiolojia ya Marekani, USGS, ina vipimo kwenye mito, na namba zake huja karibu kila dakika 15. Kwa eneo hili fungua mto Animas pale Silverton. Kipimo ni futi za ujazo kwa sekunde, na futi moja ya ujazo ni lita 28 na kidogo.

Usihangaike na namba yenyewe mara ya kwanza. Tazama mchoro wa siku saba. Kama ni msimu wa kuyeyuka utaona mawimbi, mto ukipanda na kushuka mara moja kila siku kama mtu anayepumua. Jua huyeyusha theluji mchana, maji husafiri, na mto hufika juu kabisa jioni au usiku. Kadiri ulivyo mbali na theluji ndivyo kilele kinavyochelewa. Vijito vya juu, vile unavyovivuka na gari, hujaa kati ya saa kumi jioni na saa mbili usiku, na huwa chini kabisa alfajiri mpaka kama saa mbili asubuhi. Mstari wa mawimbi ukiwa unapanda siku hadi siku, kila jioni ni mbaya kuliko ya jana. Mawimbi yakipotea na mstari ukabaki juu, kuyeyuka hakukomi hata usiku. Hiyo ni dalili ileile ya hatua ya nne, imeandikwa na mto.

Mtego uko kwenye safari ya kurudi. Asubuhi kijito kinafika nusu ya goti, unavuka na kukisahau. Saa kumi na moja jioni unarudi, na kijito kilekile kinafika pajani na kinanguruma. Kila mahali pa kuvuka, simamisha gari, tafuta jiwe kavu ukingoni, kumbuka maji yalipoligusa. Jioni utajua yameongezeka kiasi gani. Na kabla ya kuingia, uwe na jibu la swali moja: kama jioni haitavukika, nalala wapi?

Kuhusu kina, hesabu zinazotolewa na Huduma ya Hali ya Hewa ni za kukariri: sentimita 15 za maji ya kasi huweza kuangusha mtu mzima, sentimita 30 huweza kubeba gari dogo, sentimita 60 huweza kubeba magari mengi, hata yale makubwa ya juu. Gari refu halizuii kitu, kwa sababu matairi yenyewe huelea. Pima kwa fimbo ukiwa ukingoni. Ukiingia kwa miguu, elekeza uso wako unakotoka mto, fungua mkanda wa begi, na usiingie kama maji ya kasi yamefika zile sentimita 15. Maji haya yalikuwa theluji saa chache zilizopita, na mikono inakufa ganzi ndani ya dakika. Kama hukuweza kuvuka kwa miguu, gari nalo lisiingie. Sikiliza pia: ukisikia mawe yakigongana chini ya maji kama mtu anayesogeza samani, mto unahamisha sakafu yake, na kina ulichopima sasa si kina utakachokikuta.

Hatari nyingine ya maji haionekani. Kijito kinapopita chini ya theluji, kinaikula toka chini na kuacha dari. Juu ni theluji nyeupe iliyonyooka, chini ni pango. Kila barabara inapokatiza bonde dogo lililojaa theluji, gonga kwa fimbo unapotembea. Ikilia kama ngoma, geuka.

Hatua ya 6: Tuta la theluji kwenye barabara ya ukingoni

Barabara za huku, upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni korongo. Theluji iliyorundikwa na upepo hailali sawasawa. Imeegemea ukuta na kuinamia korongo, kama paa. Hapo ndipo magari hupotea, hata ya madereva wazuri, maana tairi likipanda juu ya paa lile gari zima linateleza kuelekea chini polepole, na hakuna usukani wala gia ya nguvu inayolizuia.

Nilijifunza hilo siku moja ya mwanzo wa Juni, juu ya Animas Forks. Saa moja asubuhi nilikuta tuta la kama mita nane, limeganda, nikapita bila tairi kuteleza hata kidogo. Nilifurahi, nikaendelea. Saa tisa alasiri nilirudi palepale. Tuta lilikuwa palepale, alama zangu za asubuhi zilikuwa palepale, nikaziamini. Katikati ya tuta tairi la nyuma la upande wa korongo lilizama na mkia wa gari ukaanza kuondoka. Ulisogea kama urefu wa mkono, ukasimama. Mke wangu alishukia mlango wa upande wa mlima akiwa kimya kabisa, na ukimya ule nausikia mpaka leo. Tulichimba mpaka giza likaingia, tukashindwa, kwa sababu kila tulichochimba kilijazwa na uji. Kilichotuokoa ni baridi. Anga ilikuwa wazi, usiku theluji ikaganda tena, na saa kumi na moja alfajiri tulichonga njia tambarare kwa sepetu, tukatoka kwa dakika ishirini.

Tangu siku ile, kila tuta nalivuka kwanza kwa miguu, na ninatazama vitu viwili. Cha kwanza ni buti. Piga kisigino kwa nguvu. Kikiingia sentimita mbili au tatu, inabeba. Buti likizama mpaka kifundo cha mguu, inabeba kwa shida, matairi yapunguzwe upepo, na kurudi ni kabla ya saa nne asubuhi au usirudi mpaka kesho. Mguu ukizama mpaka goti, safari imeishia hapo.

Cha pili ni mwinamo. Weka simu juu ya ubao kwenye theluji, fungua programu ya kupimia usawa, isome. Mimi sipiti juu ya theluji yoyote inayoinamia korongo, iwe ngumu au laini. Iliyoganda ina ugumu wa kubeba gari, lakini pia ina utelezi wa kioo. Kama lazima upite, chonga kwa sepetu mpaka matairi yote yatembee tambarare. Kama tuta ni kubwa kuliko unavyoweza kuchonga kwa saa moja, ni kubwa kuliko unavyopaswa kupita.

Usilizunguke tuta kwa kupita juu ya nyasi. Mimea ya huko juu ina wiki chache tu za kukua kila mwaka, na alama ya tairi moja hubaki kwa miongo. Geuka. Kurudi kinyumenyume mita mia mbili kwenye ukingo kunachosha shingo, basi anza kutafuta pa kugeuzia kabla hujapahitaji. Kila napopita sehemu pana naitaja kwa sauti ili aliye kiti cha pembeni aikumbuke.

Hatua ya 7: Vya kubeba na vya kuandika

Sitaorodhesha vifaa vyote. Sepetu mbili, si moja. Kamba ya kuvutia gari na gari la pili la kuivuta. Nguo za baridi za kulala ndani ya gari kwa kila aliyemo, watoto pia, hata kama Denver ni nyuzi 28. Chakula cha siku ya ziada. Kifaa cha ujumbe wa setilaiti, kwa sababu mtandao wa simu unakatika muda mfupi baada ya kutoka mjini. Waokoaji wa kaunti wengi ni watu wa kujitolea, na kazi yao ni kuokoa watu. Gari lako utalitoa kwa gharama yako, mara nyingi wiki kadhaa baadaye. Mtu mmoja mjini awe na saa yako ya kurudi, na ajue ampigie nani ikipita.

Kitu kinachonisaidia kuliko vyote hivyo ni daftari la shilingi chache. Kila safari naandika tarehe, inchi za maji kwenye vituo viwili, usiku uliganda au la, mto ulisoma ngapi alfajiri, na mahali hasa nilipozuiwa. Baada ya misimu mitatu, daftari hilo limekuwa sahihi kwa njia zangu kuliko utabiri wa mtu yeyote, kwa sababu sasa namba ya kituo naweza kuilinganisha na kona ninayoijua. Ukurasa wangu wa karibuni una mistari minne:

Usiku wa nyota, theluji imeganda. Kisigino sentimita mbili.
Kijito cha pili, jiwe kavu saa moja asubuhi.
Tuta la tatu baada ya Animas Forks limelalia korongo, refu, hatukuweza kulichonga.
Tumegeuka saa tatu. Kujaribu tena baada ya siku kumi.